Rovu, Uvimbe wa Shingo

Rovu ni uvimbe wa mbele ya shingo. Mara nyingi hauumi, na kwa sababu hauumi watu huuacha miaka mingi na kuufunika kwa kitambaa. Wengine husema ni laana, au uchawi wa jirani, au kwamba umeletwa na mizigo mizito ya kichwani. Sivyo, ndugu msomaji.

Mbele ya koo pana tezi ndogo, umbo lake kama kipepeo. Tezi hiyo hutengeneza maji yapitayo katika damu, yaitwayo homoni. Hayo ndiyo huuagiza moyo upige kwa kasi gani, na mwili upate joto kiasi gani, na ubongo wa mtoto ukue. Ili kufanya kazi hiyo inahitaji madini ya iodini, tena kidogo mno: mtu mzima hutaka mikrogramu 150 kwa siku. Iodini ya miaka 50 haijazi kijiko cha chai! Lakini ikikosekana, tezi huhangaika, hukua ili inase hata ile kidogo ipitayo. Kukua huko ndiko rovu.

Iodini nyingi imo baharini. Toka Bunia mpaka pwani ya Mombasa ni zaidi ya kilomita 1000, na mvua za siku nyingi huosha iodini katika udongo wa milima. Mboga haiwezi kutupa kitu kisichomo udongoni. Samaki wa Kasenyi na Tchomia ni chakula chema sana, ila Ziwa Albert si bahari, na samaki wa maji matamu hawana iodini kama wa maji ya chumvi.

Tena kuna jambo la pili, nalo lilichunguzwa hapa hapa Kongo. Katika miaka ya 1960, Daktari François Delange na wenzake kutoka Ubelgiji walipima watu wa kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu. Upande wa kaskazini zaidi ya nusu ya watu walikuwa na rovu. Upande wa kusini-magharibi, wachache tu. Ajabu ni kwamba iodini ilipungua pande zote mbili sawasawa. Tofauti ilionekana katika mihogo. Muhogo usiotengenezwa vizuri una sumu. Mwili ukiivunja sumu ile, kinabaki kitu kinachozuia tezi isipokee iodini. Basi hatusemi acheni muhogo, nani angetusikia? Uloweke siku tatu, mwaga maji yale, uanike ukauke kabisa. Sombe nalo litwangwe vizuri na kuchemshwa sana.

Uvimbe wenyewe si hatari kubwa kuliko zote. Hatari kubwa iko tumboni mwa mama mwenye mimba. Mtoto anajengwa ubongo kwa homoni ya mama yake. Mama akikosa iodini, mimba yaweza kutoka, au mtoto azaliwe kiziwi, au mfupi, mzito wa akili, na hakuna dawa ya kumrudishia baadaye. Kwa hiyo mama mjamzito anahitaji mikrogramu 250 kwa siku. Huko Ubangi, katika miaka ya 1970, wenye mimba walidungwa sindano ya mafuta yenye iodini, na watoto wao walizaliwa na tezi zinazofanya kazi vizuri zaidi.

Siku hizi msaada ni chumvi. Nunua ile iliyotiwa iodini, yenye maandiko hayo juu ya mfuko. Utaona chumvi imemwagwa wazi sokoni, juani na mvuani: hiyo hupoteza iodini yake. Weka ya nyumbani katika chombo chenye kifuniko, mbali na moto, na uitie katika mchuzi mwishoni. Lakini usiongeze chumvi ukidhani utapona upesi. Chumvi nyingi hupandisha damu.

Rovu dogo la kijana huweza kupungua. Rovu la zamani, lenye mafundo, halitayeyuka kwa chumvi. Tena mwenye rovu la namna hiyo, akipata iodini nyingi ghafula, tezi yake yaweza kufanya kazi kupita kiasi: moyo hupiga mbio, mikono hutetemeka, mwili hukonda ingawa anakula. Waganga waliona hayo Kivu na Zimbabwe katika miaka ya 1990. Mtu wa hivyo asikae nyumbani.

Njoo upesi pia kama uvimbe unakua haraka au ni mgumu, sauti imekauka, chakula hakipiti vizuri, au pumzi inabana ukilala. Usikubali shingo ichanjwe kwa wembe, maana mishipa mikubwa ya damu iko karibu. Hospitalini watakupapasa shingo na kupima damu, na si kila mtu atapasuliwa. Atakayeondolewa tezi yote atameza kidonge cha homoni kila asubuhi kabla ya kula, maisha yake yote, hata siku anapojisikia mzima.