Ukitaka Kuijua Kuvu ya Gogo, Ichungulie Chini

Mti wa majani mapana ukianguka, au tawi lake likikatwa na kuachwa, haupiti muda mrefu kabla gome halijaanza kuota vitu. Miongoni mwa vinavyotangulia ni kuvu ya rangi ya machungwa, iliyonata kwenye gome kama ukoko wa wali kwenye sufuria. Kingo zake za juu hubanduka na kuchomoza safu juu ya safu. Kila kipande kina upana wa sentimita chache na unene wa milimita moja au mbili tu, na ukikikunja utakiona kigumu kama ngozi kavu.

Hiyo ni Stereum hirsutum. Mtaalamu wa mimea Carl Ludwig Willdenow aliieleza mwaka 1787 katika kitabu chake kuhusu mimea ya Berlin, na mwaka 1800 Christiaan Hendrik Persoon akaiingiza katika jenasi ya Stereum. Kwenye mialoni ya Ulaya ni vigumu kuikosa. Jamaa yake wa karibu, Stereum ostrea, ilielezwa mwaka 1826 kutoka kisiwa cha Java, na huonekana sana katika misitu ya tropiki, Afrika ikiwemo.

Wengi huikosea kwa sababu huitazama upande wa juu tu. Huko juu ina vinyweleo na mistari ya mviringo ya machungwa, kahawia na kijivu. Shida ni kwamba Trametes versicolor, kuvu nyingine ya magogo, nayo ina vinyweleo na mistari ya namna hiyohiyo. Rangi ndiyo shahidi mbaya kuliko wote: Stereum ikizeeka hufifia ikawa kijivu, na mara nyingi mwani humea juu yake ukaifanya ya kijani.

Kwa hiyo kibandue kipande kimoja, ukigeuze, ukiangalie kwenye mwanga, ikibidi kwa lenzi ya mkononi. Chini ya Trametes utaona vitundu vidogo vidogo, vitatu hadi vitano katika kila milimita, na humo ndimo spora zinamotengenezwa. Chini ya Stereum hakuna vitundu, wala yale mapazia membamba unayoyaona chini ya uyoga wa kula. Ni laini tupu, rangi ya machungwa au ya manjano iliyopauka. Tofauti hiyo si ya wataalamu peke yao. Nchini Japani dondoo la Trametes lilitumika sambamba na matibabu ya saratani kuanzia miaka ya 1970, na leo unga wake unauzwa nchi nyingi. Anayeokota kuvu kwa kutazama mistari ya juu anaweza kabisa kujaza kikapu Stereum, ambayo siyo anayoitafuta.

Ukishajua kuwa ni Stereum, kwaruza upande huo laini kwa ukucha wakati kuvu ingali mbichi, kisha subiri kidogo. Stereum rugosum na Stereum gausapatum, ambazo pia hupenda miti ya majani mapana, hutoa wekundu wa damu. Stereum sanguinolentum hufanya vivyo hivyo, lakini makao yake ni misonobari na jamaa zake. Stereum hirsutum haitoi wekundu wowote. Ndiyo maana jina la mti ni nusu ya utambuzi, na mimi humshangaa mtu anayeleta kipande cha kuvu bila kujua alikitoa kwenye mti gani.

Kuna dalili nyingine inayonivutia kuliko zote. Mara nyingine juu ya gogo huota kitu cha manjano kinachoteleza kama jeli, kinaitwa Tremella aurantia. Chenyewe hakili mti. Kinaishi kwa kuinyonya Stereum hirsutum, kwa hiyo ukikiona, mwenyeji wake yupo papo hapo.

Na Stereum inafanya nini humo ndani? Inavunja lignini, ile kemikali inayoupa mti ugumu wake, na kuuacha ukiwa mweupe na wa nyuzinyuzi. Viumbe wenye uwezo huo ni wachache. Mwaka 2012 jarida la Science lilichapisha utafiti uliolinganisha jenomu za kuvu 31, Stereum hirsutum ikiwamo, na watafiti wakakadiria kuwa uwezo huo ulianza miaka milioni 300 hivi iliyopita. Walidokeza kwamba huenda ndiyo sababu makaa ya mawe yalipungua kujengeka baada ya hapo. Mwaka 2016 watafiti wengine walilipinga wazo hilo, wakisema hali ya hewa na mabonde yaliyokuwa yakididimia yanatosha kueleza wingi wa makaa. Hoja ya makaa bado inajadiliwa, lakini kazi ya kuvu hii kwenye gogo haina ubishi.

Jina kamili la spishi mara nyingi hudai hadubini. Spora za Stereum hugeuka bluu zikitiwa mchanganyiko wenye iodini, na ukubwa wake hupimwa kwa mikroni. Usipokuwa na hadubini, andika "Stereum" uishie hapo; ni jibu sahihi kuliko jina refu la kubahatisha. Na ukipiga picha kwa ajili ya mtaalamu, piga ya juu, ya chini na ya gogo zima, kisha umwandikie jina la mti.