NYUMBA ZA MAWE KARIBU NA BAHARI
Maneno kwa Mtu wa Kibwezi Anayehamia Mji wa Kale wa Mombasa

Watu wengi wa Kibwezi wana ndugu zao Mombasa, na jambo hili si la ajabu. Katika karne ya 19 wafanyi biashara wa Kikamba walichukua pembe za ndovu mpaka pwani. Mwaka 1896 reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa, ikapita Kibwezi, ikafika Nairobi mwaka 1899. Na tangu mwaka 2017 reli mpya nayo ina stesheni yake Kibwezi. Hata maji yameziunganisha nchi hizi mbili. Mvua inyeshayo juu ya vilima vya Chyulu, ambavyo watu wa Kibwezi huviona kila siku, huzama katika mawe ya volkano na kutokea tena katika chemchemi za Mzima. Na tangu miaka ya 1950 maji ya Mzima hupelekwa Mombasa kwa bomba.

Basi mara nyingi hutokea kwamba kijana wa Kibwezi apatapo kazi Mombasa huonyeshwa nyumba ya kupanga katika Mji wa Kale. Huona mlango wa nakshi, roshani ya mbao na bahari ikimetameta mwisho wa njia, naye hufurahi sana. Furaha hiyo ni ya haki. Lakini yafaa ajue kwamba nyumba ya namna hii ina tabia yake, na asiyeijua tabia hiyo aweza kuiharibu huku akidhani anaitengeneza.

MTAA WENYEWE

Mji wa Kale uko upande wa mashariki wa kisiwa cha Mombasa, kando ya bandari ya kale ambako majahazi yalitia nanga kabla bandari kubwa ya Kilindini haijajengwa. Mlangoni pake imesimama Fort Jesus, ngome iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, ambayo mwaka 2011 iliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Kutoka karibu na ngome hupita Ndia Kuu. Na neno "ndia", kama wasomaji wengi wajuavyo, ndilo "njia" kwa lafudhi ya watu wa Mombasa.

Nyumba nyingi tuzionazo leo zilijengwa katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, wakati Waswahili, Waarabu na Wahindi walipokaa pamoja wakifanya biashara. Njia ni nyembamba, wala si kwa sababu wajenzi hawakuwa na akili. Kuta ndefu zikikaribiana huleta kivuli mchana kutwa, na upepo wa baharini hupenya katikati yake. Kwa hiyo mgeni atokaye kwenye jua la barabara kuu huhisi mara moja kwamba ameingia mahali pa baridi.

NYUMBA ILIVYOJENGWA

Ukuta wa nyumba ya kale ni mnene, aghalabu nusu meta au zaidi. Umejengwa kwa mawe ya matumbawe, yaani mawe yaliyotokana na bahari, nayo yameshikamanishwa kwa chokaa iliyochanganywa na mchanga au udongo. Chokaa yenyewe hupatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya rundo kubwa la kuni, kisha kuyatia maji mpaka yakawa laini. Dari imelala juu ya boriti, yaani miti ya mikoko. Kwa kuwa boriti moja haiwezi kuvuka nafasi kubwa, vyumba vya kale kwa kawaida vina upana wa meta mbili na nusu mpaka tatu tu, ijapokuwa urefu wake waweza kuwa mkubwa.

Sasa tufike kwenye jambo kubwa. Matumbawe yana vitundu vingi vidogo vidogo, nayo hunywa maji. Unyevu wenye chumvi hupanda kutoka ardhini, na hewa ya bahari nayo huleta unyevu wake. Ukuta uliopakwa chokaa hunywa unyevu huo wakati wa mvua, na kuutoa wakati wa jua na upepo. Hivyo ndivyo nyumba hizi zilivyoweza kusimama miaka mia na zaidi karibu na maji ya chumvi.

MADUI WA NYUMBA

Adui wa kwanza ni maji yasiyo na njia: bati lililotoboka, bomba livujalo, mfereji ulioziba. Maji yakiingia juu ya ukuta hulegeza chokaa polepole, na mawe huanza kuachana.

Adui wa pili huja kwa sura ya rafiki, naye ni saruji. Mtu huona lipu ya chokaa inabanduka, akaita fundi asiyejua nyumba za kale, na ukuta ukapakwa saruji ngumu. Kwa miezi michache hupendeza. Lakini saruji haiachi ukuta upumue. Mfano wake ni mtu aliyevikwa koti la mpira wakati wa jua kali: jasho halina pa kutokea. Unyevu ulionaswa nyuma ya saruji hupanda juu zaidi, chumvi hugeuka kuwa chembe ngumu na kuvunja mawe kwa ndani, na mwishowe unyevu hufikia ncha za boriti zilizofichwa ukutani. Hapo mti huoza pasipo mtu kuona, mpaka siku dari itakapoanguka.

Adui wa tatu ni uzito. Ukuta uliojengwa kubeba boriti na orofa moja au mbili haukukusudiwa kubeba tangi kubwa la maji na vyumba vipya vya matofali juu yake.

Adui wa nne ni kuachwa. Nyumba nyingi za mtaa huu ni mali ya warithi wengi pamoja, au ni wakfu. Warithi kumi wakikaa katika miji kumi, kila mmoja humngoja mwenzake atoe fedha za matengenezo, na nyumba huzidi kuzeeka.

Asidhani mtu kwamba hatari hii ni ya nyumba ndogo tu. Beit al-Ajaib ya Unguja, jumba lililojengwa mwaka 1883 zamani za Sultani Barghash, limo katika Mji Mkongwe ulioandikwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Hata hivyo tarehe 25 Desemba 2020, wakati matengenezo yalipokuwa yakiendelea, sehemu kubwa ya jumba hilo ilianguka, na watu wakapoteza maisha yao. Sifa ya nyumba haizuii ukuta kuanguka.

WAJIBU WA MPANGAJI

Huenda msomaji akauliza, "Mimi ni mpangaji tu, mambo haya yanihusu nini?" Yanamhusu sana, kwa kuwa yeye ndiye alalaye chini ya dari hiyo. Haya ndiyo ayafanye:

Kwanza, kabla ya kutoa kodi, azitazame ncha za boriti mahali zinapoingia ukutani. Kama mti ni mweusi na laini, na kisu huingia bila nguvu, asikubali kulala chini yake mpaka ubadilishwe.

Pili, akiona ufa, apige mstari wa kalamu kila mwisho wa ufa na kuandika tarehe. Baada ya mwezi autazame tena. Ukiwa umepita mstari, ukuta unakwenda, na yapasa mwenye nyumba aambiwe siku ile ile. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika Mji wa Kale methali hii si fumbo.

Tatu, ukuta ukitaka kupakwa, upakwe chokaa, wala si saruji wala rangi ya mafuta. Atafutwe mwashi aliyezoea kazi hiyo.

Nne, asivunje ukuta, asiondoe mlango wala roshani, na asiongeze chumba bila ruhusa. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, na tena iko Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006. Iko ofisi ya hifadhi ya Mji wa Kale, nayo ndiyo ya kuulizwa kwanza.

Tano, akumbuke kwamba mara nyingi ukuta mmoja ni wa nyumba mbili. Maji ya bafu lake yakivuja, huenda yakaoza boriti za jirani.

DESTURI ZA MTAA

Siku ya kuhama, lori halitafika mlangoni. Vitu vitachukuliwa kwa mkokoteni, na majirani watakuwa barazani wakitazama. Hapo ndipo mgeni ajulikanapo. Awaamkie wazee kabla hajashusha godoro lake. Baraza ya nje ni ya mazungumzo na wageni. Ndani ni kwa wenyewe, na mtu hapiti mlango bila kubisha hodi na kuitikiwa. Wakaaji wengi ni Waislamu, kwa hiyo mavazi ya staha na utulivu wakati wa sala ni heshima ipendezayo kwa kila mtu. Mgeni atakayezishika desturi hizi hatakosa mzee wa kumwambia, "Mwanangu, maji yanaingia pale juu, mwite fundi," kabla yeye mwenyewe hajaona.

NENO LA MWISHO

Mtu wa Kibwezi hana haja ya kufundishwa kutunza nyumba. Kwao, nyumba ya udongo hukandikwa upya kabla ya mvua za Novemba, na miti hutazamwa isije ikaliwa na mchwa. Hakuna angojaye ukuta uanguke ndipo akachimbe udongo. Nyumba ya mawe yataka mazoea yale yale: chokaa badala ya udongo, na ukaguzi kabla ya masika, kwa kuwa Mombasa mvua kubwa ni ya Aprili na Mei.

Uzuri wa mtaa ule haukuachwa pale na wazee ukiwa umekwisha, kama sanduku lililofungwa. Umefanywa upya kila mwaka na watu waliokaa ndani yake. Mpangaji mpya akishika ndoo ya chokaa, amekuwa mmoja wao, hata kama alishuka kwenye treni ya Kibwezi juzi tu.