Kiwi cha macho: kabla ya miwani, tazama mwanga unakotoka

Saa saba mchana Tseikuru, kaskazini mwa Kaunti ya Kitui, mtu akitoka dukani huinua kiganja hadi kwenye paji la uso kabla hajapiga hatua ya pili. Jua liko utosini, mabati mapya yanametameta, na mchanga wa mto mkavu unarudisha mwanga kutoka chini. Kwa muda haoni sawasawa: ametiwa kiwi.

Tseikuru haijafika digrii 1 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua lake ni kali mwaka mzima. Mwanga ukizidi, sehemu yake hutawanyika ndani ya jicho na kutanda kama ukungu juu ya kile unachotaka kuona. Lenzi ya jicho ikiwa imeanza kufifia, mtawanyiko huo huongezeka. Ndiyo maana mzee mwenye mtoto wa jicho huteswa mno na taa za magari usiku.

Dawa ya kwanza ni kuukata mwanga kabla haujaingia jichoni. Kofia yenye ukingo mpana, au leso iliyovutwa mbele ya paji, huzuia ule wa juu. Wa chini ndio husahaulika. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mchanga mkavu hurudisha takriban asilimia 15 ya miale ya urujuanimno (UV), ilhali nyasi na udongo hurudisha chini ya asilimia 10. Anayechota maji mtoni au kuchunga mbuzi anahitaji kofia na miwani pia.

Lakini weusi wa miwani si kinga. Kioo cheusi kisichozuia urujuanimno hufanya mboni itanuke, na miale hiyo ikapata mlango mpana zaidi. Kwa miaka, huchangia mtoto wa jicho na kinyama kinachoota kwenye weupe wa jicho. Tafuta alama ya UV400. Dereva atafaidika na lenzi za polaroidi, zinazotumia utando aliobuni Edwin Land wa Marekani mwaka 1929: mwanga unaoruka kutoka kwenye lami au maji hutikisika zaidi kwa mlalo, nazo huuzuia. Usiku, vua miwani yoyote yenye rangi.

Mwendesha bodaboda aangalie kioo cha helmeti: mikwaruzo na vumbi hutawanya mwanga. Taa za gari zikimjia usoni, apunguze mwendo na kufuata ukingo wa kushoto wa barabara.

Nyumbani, mwarobaini upande wa magharibi hupoza jua la jioni. Shuleni, ubao uliochakaa ukang'aa upakwe rangi isiyong'aa, na madirisha yawe ubavuni mwa wanafunzi. Mtoto mwenye ualbino hana rangi ya kutosha machoni kuuzuia mwanga; kofia na miwani kwake ni mahitaji kama daftari.

Mwanga wa kawaida ukianza ghafla kukuumiza, jicho likawa jekundu au uoni ukafifia, usilisingizie jua. Nenda kliniki ya macho mapema.

Mama anayechambua ndengu uani anaijua kanuni ya kutazama mwanga unakotoka. Huligeuzia jua mgongo, ungo ukaingia kivulini mwake, na mara kila kijiwe kinaonekana. Hajanunua kitu; amegeuka tu.