Sindano Tatu: Kufundisha Mabadiliko ya Ndani ya Chuma

Mara nyingi mwanafunzi wa shule ya msingi huambiwa kwamba chuma ni kigumu. Huandika, hukariri, na jambo likaishia hapo. Kumbe ugumu huo hutegemea jinsi chembe zake ndogo kabisa, yaani atomu, zilivyojipanga, na mpango huo waweza kubadilishwa kwa joto au kwa mgandamizo. Kwa walimu wanaojiandaa kwa mazoezi ya kufundisha, twashauri somo hili lianze kwa sindano tatu za kushonea, jiko la mkaa, koleo na kopo la maji.

Sindano ya kwanza iachwe kama ilivyo. Nyingine mbili zipashwe moto mpaka ziwe nyekundu. Ya pili ibaki jikoni, ipoe polepole pamoja na majivu. Ya tatu itumbukizwe majini papo hapo. Kabla ya kuzipinda, kila mwanafunzi aseme anatazamia nini na kwa sababu gani. Mwalimu mwenyewe azipinde kwa koleo, wanafunzi wakikaa mbali, maana vipande huruka. Ya kwanza ikipindwa kidogo hurudi ilivyokuwa. Ya pili hupindika kama waya. Ya tatu hukatika.

Ndipo maelezo yafuate. Sindano ni chuma cha pua, yaani chuma chenye kaboni kidogo. Kikiwa chekundu, atomu za chuma hujipanga upya na kaboni hupata nafasi kati yake. Kikipoa polepole, kaboni hujitenga. Kikipozwa ghafula, hunaswa humo na kuzuia atomu zisiteleze. Katika chuma kisicho na kaboni, mpango hubadilika kwenye nyuzi 912 za Sentigredi.

Mgandamizo nao hufanya vivyo hivyo. Mwaka 1956 wanasayansi wa Los Alamos, Marekani, walieleza jinsi walivyogandamiza chuma ghafula kwa mshindo wa baruti: kwa mgandamizo upatao mara 130,000 ya ule wa hewa, atomu zilijipanga kwa namna nyingine tena, bila tanuri lolote.

Tukianza na neno “atomu”, tutakuwa tumewaongezea wanafunzi neno la kukariri. Tukianza na sindano, watauliza wenyewe: chuma ni kile kile, mbona tabia zimekuwa mbalimbali? Hapo hatuna budi kuwa tayari kujibu.