Nyumba ya Seyyid Said na Mpaka wa Ziwa Jipe

Katika dola za kale mambo ya nyumbani kwa mfalme hayakuishia nyumbani. Ndugu wawili waliponuniana ukumbini, gharama ya kununiana kwao ililipwa na watu wa mbali ambao hawakupata hata kuusikia ukumbi huo ukitajwa. Sisi wa Usangi, tulio juu ya milima ya Upare, mwendo wa siku nyingi kwa miguu kutoka bandari ya Pangani, tumo katika watu hao, na kwa hiyo habari ya Seyyid Said bin Sultan na wanawe si habari ya Waunguja peke yao.

Seyyid Said wa ukoo wa Al Busaidi alizaliwa Oman mwaka 1791, akashika ufalme angali kijana, na katika miaka ya 1830 na 1840 akayahamishia makao yake Unguja, kisiwa alichokipenda kwa rutuba yake na kwa utulivu wa bandari yake. Ndiye aliyewaamuru wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi, na kwa amri hiyo uso wa kisiwa ukageuka katika umri wa mtu mmoja. Nyumba aliyoistahabu kuliko zote ilikuwa Beit el Mtoni, kando ya bahari, kaskazini ya mji, na humo aliishi na jamaa kubwa mno: masuria kutoka Uhabeshi, Cherkesi na nchi nyinginezo, watoto wao, wajakazi, matowashi na wageni wasiokwisha. Mbele ya baba ilipasa kusema Kiarabu, lakini akiisha kuondoka, Kiswahili, Kifarsi, Kituruki na lugha za Uhabeshi zilisikika pamoja barazani.

Aliyeitawala nyumba hiyo ni mkewe wa ndoa, Bibi Azze binti Seif, mwanamke mfupi wa kimo, mrefu wa amri, ambaye hakujaliwa mtoto na ambaye kila mtoto wa Sultani alikwenda asubuhi kumbusu mkono kwa taadhima. Wana wote walizaliwa na masuria, na kwa sheria ya Kiislamu mtoto wa suria aliyekubaliwa na babake ni huru na ni mrithi sawa na mtoto wa mke wa ndoa, wala mama yake hauzwi tena, na bwana akifa huwa huru. Sheria hiyo iliwapa watoto heshima moja. Lakini haikusema nani kati yao akalie kiti, na mila ya Kiibadhi nayo haikuukubali ufalme ushuke tu kutoka kwa baba hadi kifungua mimba. Kwa maoni yangu hapa ndipo palipokuwa na ufa wa nyumba ile. Seyyid Said alipofariki baharini mwezi wa Oktoba 1856, akirejea kutoka Oman, binti yake Salme ahesabu kuwa aliacha watoto 36 walio hai, na baadhi ya wana hao walikuwa na kisa cha kudai.

Barghash, aliyekuwamo merikebuni pamoja na maiti ya babake, aliiteremsha usiku na kuizika kwa siri, akitaraji kuushika mji kabla ya kakake Majid kupata habari. Hakufaulu. Majid akatawala Unguja, ndugu yao Thuwaini akatawala Oman, na mwaka 1861 Lord Canning, liwali mkuu wa Kiingereza katika Bara Hindi, akahukumu kwamba dola zitengane na kwamba Unguja iilipe Oman reale 40,000 kila mwaka. Urithi wa baba mmoja ukawa umekatwa vipande viwili kwa kalamu ya mgeni.

Katikati ya hayo, mwaka 1859, Barghash alifanya njama ya kumpindua Majid, na waliomsaidia ni dada zake, Khole na Salme. Salme, ambaye mama yake alikuwa Mcherkesi, alikuwa na umri wa miaka kumi na mitano tu, lakini alikuwa na elimu ambayo wanawake wachache wa nyumba ile walikuwa nayo: alijifundisha mwenyewe kuandika, kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Basi yeye ndiye akawa katibu wa fitina. Barghash alipozingirwa nyumbani kwake, dada zake walimtoa akiwa amejifunika nguo za kike, akakimbilia shamba la Marseille. Manowari za Kiingereza zikamsaidia Majid, na Barghash akapelekwa Bombay. Salme, kwa kujuta, akapatana na Majid baadaye, na kwa kupatana huko akampoteza Khole, akampoteza na Barghash. Mwaka 1866 akatoroka kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden, akabatizwa na kuolewa na mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, akaenda kuishi Hamburg kwa jina la Emily. Mumewe alikufa mwaka 1870, akamwachia watoto watatu wadogo. Na mwaka huo huo Majid naye akafa, na aliyekalia kiti cha Unguja ni Barghash.

Wakati huo misafara ya pwani ilikwisha kuzoea njia ya Pangani inayopita chini ya milima yetu, ikitafuta pembe na, ole wetu, watu. Huko Mazinde, katika njia hiyo, mtawala Semboja alitajirika kwa biashara hiyo na kwa bunduki zake. Barghash alihesabu kwamba njia za wafanyabiashara wake ni mipaka ya dola yake, na Wajerumani walipotangaza mwaka 1885 kuzichukua nchi za bara, alipinga kwa maneno makali, akamtuma Jenerali Lloyd Mathews na askari hadi Kilimanjaro, ambako Mangi Rindi wa Moshi aliikubali bendera ya Sultani. Haukupita muda, Rindi akatia mkono pia katika karatasi ya Mjerumani Karl Jühlke.

Mwezi wa Agosti mwaka huo manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya jumba la Barghash, na Salme naye akaletwa na Wajerumani, akiwa na wanawe, kudai mirathi yake. Kansela wao, Bismarck, alijua thamani ya mjane mwenye daawa: lau angeguswa, Ujerumani ingepata udhuru wa kupiga mizinga. Barghash hakumgusa wala hakumpokea. Alikubali masharti ya Wajerumani juu ya bara, na dada yake akarudi mikono mitupu. Sisemi kwamba bila ugomvi wa ndugu mizinga isingekuja, maana tamaa ya Ulaya wakati ule haikuhitaji mwaliko. Nasema kwamba nyumba iliyogawanyika ilimpa adui mlango uliokwisha funguliwa kwa ndani.

Mwezi wa Novemba 1886 Waingereza na Wajerumani wakaafikiana wao kwa wao. Sultani aliachiwa visiwa vyake na ukanda wa pwani wa maili kumi; na katika bara wakachora mstari kutoka mdomo wa mto Umba hadi Ziwa Jipe, ukalizunguka ziwa upande wa mashariki na kaskazini, ukapita kati ya Taveta na Uchaga. Kwa mstari huo Usangi na Ugweno zikawa za Wajerumani, na Taveta, ambako watu wetu walikuwa wakishuka kuuza na kununua kama majirani, ikawa nchi ya serikali nyingine. Hakuna mfumwa, yaani mtawala, wa Upare aliyeulizwa. Ziwa lenyewe huonekana kutoka vilele vya huku kwetu, na mpaka ule, kwa marekebisho machache, ndio unaotenga Tanzania na Kenya hata leo.

Barghash alikufa Machi 1888. Salme alifika Unguja tena mwaka huo, akitaraji kwamba ndugu yake mwingine, Khalifa, aliyerithi kiti, angemsikiliza, lakini hakupata kitu. Alikwisha kutoa kitabu cha maisha yake kwa Kijerumani mwaka 1886, na kwa kitabu hicho twaijua Beit el Mtoni kwa ndani. Alifariki Jena mwaka 1924, akazikwa Hamburg karibu na mumewe, na pamoja naye mchanga kidogo kutoka pwani ya Unguja aliouhifadhi miaka yote. Mwanawe, Rudolph Said-Ruete, alichapisha mwaka 1929 tarehe ya maisha ya Seyyid Said, babu ambaye hakupata kumwona.