Kabla mtoto hajapanda farasi: mambo ambayo mzazi anafaa kujua

Umbali mfupi kutoka Soko la Muthurwa kuna Barabara ya Racecourse, inayojulikana na wengi kwa sababu ya Kanisa la St. Peter Claver. Maelfu ya wakazi huipita kila siku wakikimbilia matatu au wakisukuma mikokoteni, na ni wachache wanaojiuliza jina hilo lilitoka wapi. Racecourse ni kiwanja cha mbio za farasi. Kabla ya mbio hizo kuhamia kiwanja cha Barabara ya Ngong mwaka wa 1954, farasi wa Nairobi walikuwa wakikimbia upande huu wa mashariki mwa mji.

Leo mkazi wa Muthurwa hukutana na farasi hasa siku za sikukuu, katika viwanja vya burudani. Mzazi hulipa, mtoto hupandishwa, picha hupigwa, na baada ya mzunguko mmoja zamu inaisha. Ni dakika chache tu, lakini katika dakika hizo kuna mambo mawili mazito: usalama wa mtoto, na hali ya mnyama anayembeba. Yote mawili hutegemea kile ambacho mzazi anajua kabla hajatoa pesa mfukoni.

Poni ni farasi wa aina gani?

Farasi wadogo wanaopandwa na watoto huitwa poni. Poni si mtoto wa farasi. Ni farasi aliyekomaa ambaye kimo chake hakizidi sentimita 148, akipimwa kutoka ardhini hadi pale mgongo unapokutana na shingo, wala si kichwani. Ana nguvu nyingi kuliko umbo lake linavyoonyesha, na mara nyingi ana ujanja pia. Akichoka na mpandaji anayemvuta hatamu ovyo, husimama tu na kula nyasi.

Ni muhimu kukumbuka kwamba farasi ni mnyama anayewindwa porini. Akishtuka, jambo la kwanza analofanya ni kukimbia. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo huona karibu pande zote, isipokuwa nyuma yake kabisa na mbele kidogo ya pua. Ndiyo sababu mtu anayemjia kutoka nyuma kimyakimya anaweza kupigwa teke na mnyama ambaye kwa kawaida ni mpole. Honi ya matatu, mfuko wa plastiki unaopeperushwa na upepo, au mwavuli unaofunguliwa ghafla unaweza kutosha kumshtua.

Mchezo uliobuniwa kwa watoto wa kawaida

Wengi hudhani kwamba michezo ya farasi ni ya matajiri peke yao. Mbio za Ngong na mashindano ya kuruka viunzi huhitaji farasi wa bei kubwa, hilo si siri. Lakini kuna mchezo mmoja ambao ulianzishwa kwa nia tofauti.

Mwaka wa 1957, nchini Uingereza, Prince Philip alitaka pawe na mashindano ya watoto ambao hawakuwa na farasi wa bei ghali, bali poni wa kawaida wa nyumbani. Chama cha watoto wapanda poni, kilichokuwapo tangu 1929, kiliyachukua mashindano hayo, na tangu hapo yameenea katika nchi nyingi. Michezo yenyewe ilikuwa na asili ya zamani zaidi, katika kambi za wapanda farasi wa jeshi huko India.

Mashindano huendeshwa kwa kupokezana, kama mbio za vijiti shuleni. Timu kadhaa husimama kwenye mstari, na kila timu huwa na wapandaji wanne katika kila mchezo. Katika mchezo mmoja, mpandaji hupita katikati ya nguzo tano zilizopangwa kwa mstari, akipinda kushoto na kulia hadi mwisho na kurudi, kisha humpokeza mwenzake. Katika mwingine, huchukua kikombe juu ya nguzo moja na kukiweka juu ya nguzo nyingine bila kusimama. Kuna wa kuchomoa kibendera na kukichomeka mahali pengine, na kuna ule ambao mpandaji hushuka, huingia ndani ya gunia na kurukaruka hadi mwisho akimwongoza poni wake kwa hatamu.

Kikombe kikianguka, mpandaji hana budi kurudi, kukiokota na kurekebisha kosa lake kabla ya kuendelea. Kwa hiyo mwenye mbio nyingi lakini mkono mzembe hushindwa na mwenye utulivu. Tena, kiboko na vyuma vya kumchoma farasi ubavuni haviruhusiwi. Poni hufuata kwa sababu amefunzwa na anamwamini anayempanda.

Funzo kutoka Lamu

Kenya ina mashindano yake yanayoonyesha jambo hilohilo. Kila mwaka wakati wa Maulidi, vijana wa Lamu hushindana kwa mbio za punda kando ya bahari, mbele ya mji wa kale. Wengi wao hupanda bila tandiko. Katika mji ambao vichochoro vyake havipitiki kwa gari, punda ndiye lori na ndiye teksi, na vijana hao wamezoeana na wanyama hao kazini mwaka mzima. Siku ya mashindano huonyesha tu matunda ya mazoea hayo.

Lamu imejifunza pia kwamba mnyama anayefanya kazi anahitaji kutunzwa. Tangu mwaka wa 1987 kuna kituo mjini humo kinachowatibu punda, na wenye punda huwapeleka huko wanapoumia au kuugua.

Kupanda katika njia za msituni

Namna nyingine ya kupanda farasi ni kwenda safari ya polepole katika njia za msituni. Hapa Nairobi, wapandaji hutumia njia za Msitu wa Barabara ya Ngong, unaopakana na kiwanja cha mbio. Hakuna mshindi katika safari kama hiyo. Farasi hufuatana kwa mstari mmoja, wakiachiana nafasi ya kutosha ili wa nyuma asimkaribie mno aliye mbele na kupigwa teke. Kiongozi hutangulia, na mtu mwingine mwenye uzoefu hufunga mstari. Mwendo hupimwa kwa mpandaji asiye na uzoefu, wala si kwa hodari wao. Kikundi kinachoanza kwenda shoti wakati mgeni bado hajajua kushika hatamu kinamweka mgeni huyo hatarini.

Kabla ya kulipa, mwangalie mnyama

Mzazi hahitaji kuwa daktari wa mifugo ili kutambua farasi ambaye hafai kupandwa. Haya yanaonekana kwa macho:

- Mbavu na mifupa ya nyonga. Mbavu zinazohesabika kwa mbali ni dalili ya njaa au ugonjwa.
- Mgongo. Omba tandiko liinuliwe kidogo. Kidonda chini ya tandiko humuuma mnyama kila mtoto anapoketi, na maumivu humfanya aruke.
- Miguu. Anayechechemea, au anayekataa kukanyaga kwa mguu mmoja, hafai kubeba mtu.
- Masikio na macho. Masikio yaliyolala nyuma kabisa ni dalili ya hasira. Macho yaliyofifia na kichwa kilichoinama muda wote ni dalili ya uchovu.
- Maji na kivuli. Uliza farasi hunywa maji wapi na hupumzika saa ngapi. Kama hakuna ndoo wala kivuli mahali popote, jibu liko wazi.

Jambo la sita ni uzani. Kipimo kinachotumiwa na wengi ni kwamba farasi asibebe zaidi ya moja kwa tano ya uzani wake, tandiko likiwemo. Poni wa kilo 250 basi hafai kubeba zaidi ya kilo 50. Watu wazima wengi wamezidi kiasi hicho, na pia watoto wawili wakubwa wakipandishwa pamoja. Yeyote anayesukuma mkokoteni pale Muthurwa anajua kwamba mzigo uliozidi, au uliolalia upande mmoja, huharibu safari nzima. Tofauti ni kwamba mkokoteni hausikii maumivu.

Kisha muulize mwenye farasi

Maswali matatu yanatosha. La kwanza: je, kuna kofia ngumu inayomtosha mtoto? Mtoto aliyeketi juu ya poni, kichwa chake kiko karibu mita mbili kutoka ardhini, na kuangukia kichwa juu ya lami au zege kunaweza kumuua. Kofia iwe na mkanda unaofungwa chini ya kidevu. Kofia ya kitambaa au ya jua haimkingi.

La pili: nani atamshika farasi? Mtoto ambaye hajafunzwa hafai kuachiwa hatamu peke yake. Mtu mzima anayemjua mnyama huyo atembee kando yake, akiwa ameshika kamba mwanzo hadi mwisho. Mtu huyo asiwe akizungumza kwenye simu.

La tatu: je, farasi amechanjwa na kuangaliwa na daktari wa mifugo? Katika Afrika kuna ugonjwa hatari wa farasi unaoenezwa na usubi, na unaweza kumuua mnyama kwa siku chache. Hauambukizi watu, lakini mwenye farasi anayejua tarehe ya chanjo ya mwisho bila kubabaika kwa kawaida ni mtu anayemtunza mnyama wake.

Jibu la swali lolote likiwa "hapana" au "usijali", mzazi ana haki ya kuondoka na mtoto wake.

Mtoto akishapanda

Mtoto amkaribie farasi kutoka ubavuni, upande wa kushoto, akizungumza kwa sauti ya chini. Avae viatu vilivyofungwa vyenye kisigino kidogo, kwa sababu sapatu huteleza na mguu unaweza kukwama katika kikuku cha kupandia. Akishaketi, kisigino kishuke chini, mgongo unyooke na macho yatazame mbele. Asipige kelele wala kumpiga mnyama kwa miguu.

Kuna kosa moja ambalo hata watu wazima hulifanya: kujizungushia kamba ya farasi mkononi. Farasi akishtuka na kukimbia, kamba hiyo hukaza na kumburuta aliyeishika. Kamba ikunjwe na kushikwa kiganjani ili iweze kuachiliwa mara moja.

Mtoto akianguka na kugonga kichwa, asiinuliwe haraka na kusimamishwa. Akitapika, akichanganyikiwa, akisinzia au akilalamika shingo inauma, apelekwe hospitalini bila kungoja. Na hata jeraha dogo lioshwe vizuri kwa maji na sabuni, kisha lionyeshwe kwa mhudumu wa afya. Vijidudu vya pepopunda huishi katika udongo na katika mavi ya farasi, na kinga ya ugonjwa huo ni chanjo.

Sheria inasema nini

Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, inakataza kumpiga mnyama kikatili, kumbebesha mzigo uliozidi, au kumfanyisha kazi akiwa mgonjwa au amejeruhiwa. Sheria hiyo inamhusu mwenye farasi wa burudani sawa na mwenye punda wa maji. Katiba, kupitia Jedwali la Nne, imezipa serikali za kaunti majukumu kuhusu ustawi wa wanyama, huduma za mifugo na viwanja vya burudani.

Mkazi akimwona farasi au punda akiteswa anaweza kutoa taarifa katika kituo cha polisi kilicho karibu, kwa afisa wa mifugo wa kaunti ndogo, au kwa shirika la KSPCA, ambalo limekuwa likitetea wanyama nchini tangu 1910. Taarifa nzuri hutaja mahali, saa na kile kilichoonekana.

Kwa kijana anayependa farasi

Kupanda farasi kwa mafunzo ya kila wiki ni gharama ambayo familia nyingi za Eastlands haziwezi kuimudu, na hakuna haja ya kuficha hilo. Hata hivyo, kuna milango mingine. Siku za mbio, ambazo kwa kawaida huwa Jumapili, umma huruhusiwa kuingia katika kiwanja cha Ngong. Kutoka Muthurwa mtu anaweza kutembea hadi stendi ya Railways na kupanda matatu namba 111 inayopita hapo.

Huko kijana ataona kwamba nyuma ya kila farasi anayekimbia kuna watu wengi wanaomhudumia: saisi anayemlisha na kumsugua alfajiri, anayetengeneza kwato na kupigilia viatu, daktari wa mifugo, na mpanda farasi mwenyewe. Hizi ni kazi, na baadhi yake huanza kwa kushika fagio bandani. Kijana anayeuliza kwa adabu na kufika mapema ana nafasi ya kujifunza.

Na kwa mzazi ambaye atampeleka mtoto wake uwanjani sikukuu ijayo, hatua ya kwanza ni rahisi. Kabla ya kuuliza bei, azunguke kidogo upande wa farasi na kumtazama mnyama mwenyewe, kuanzia masikio hadi kwato.