Posani tuliulizwa: kijana wenu anapaka nini?

Tulikwenda posa wazee watatu, mimi, kaka yangu mkubwa na jirani yetu wa zamani, kwenye nyumba moja ya Al Khoudh. Tukapokewa vizuri, tukaletewa halua, tukanywa kahawa, tukaulizana hali za wagonjwa na waliosafiri. Ndipo baba wa binti akauliza lile swali ambalo kila mzazi huuliza: kijana anafanya kazi gani?

Kaka yangu akawahi kujibu: "Anapaka mashine za umeme."

Kimya. Mwenyeji akatutazama mmoja mmoja. "Anapaka rangi?"

Mimi ndiye mwalimu pale. Nimesomeshwa sekondari na mapadri huko Bara, watu ambao hawakumwachia mwanafunzi atoke darasani bila kuijua kemia, kisha nami nimefundisha kemia na fizikia hapa Muscat zaidi ya miaka thelathini. Macho yote yakanigeukia. Nikakohoa, nikasema ni kazi ya kiufundi, ya mambo ya joto. Tukaambiwa tusubiri jibu. Wenye uzoefu wa posa mnajua maana ya sauti ile.

Nyumbani dada yangu alilia. Miaka miwili alikuwa akimwambia mwanawe aache kazi hiyo, atafute meza wizarani. Mpwa wangu hakubishana na mama yake. Alinigeukia mimi tu. "Mjomba, watu wa posa hawajui, nawasamehe. Lakini na wewe mwalimu?"

Neno lile lilinichoma. Ijumaa iliyofuata, baada ya sala na chakula, nikamwambia: kaa hapa, nifundishe mie.

Chuma ndani ya moto unaokishinda

Kwanza mashine yenyewe. Umeme mwingi wa Oman unatokana na gesi asilia. Mitambo yake iko Barka, Sohar, Sur na kwengineko, na kilichomo ndani yake huitwa tabaini ya gesi. Inavuta hewa, inaikamua mara kumi na tano, ishirini au zaidi, inatia gesi na kuwasha moto. Moshi ule wenye nguvu unasukuma mapanga yaliyopangwa kwenye mhimili, kama upepo unavyosukuma pangaboi, na mhimili unazungusha jenereta. Mitambo mikubwa ya kwetu inazunguka mara 3,000 kwa dakika.

Sasa tazameni hesabu hii. Mapanga ya mbele, yanayopigwa na moto wa kwanza, yametengenezwa kwa mchanganyiko maalumu wa nikeli. Ni madini magumu sana, lakini yanaanza kuyeyuka kwenye nyuzi 1,300 hivi za sentigredi. Moto unaoyapiga kwenye mashine za kisasa unafika nyuzi 1,500 na kupita. Na panga la kilo chache, kwa kasi ile, linavutwa kwenda nje kwa nguvu ya mzigo wa tani nyingi.

Yaani kitu kimekaa ndani ya moto unaoweza kukiyeyusha, kinavutwa kama kamba, na kinatakiwa kikae hivyo maelfu ya saa.

Kinawezaje? Kwa mambo matatu. La kwanza ni madini yenyewe. La pili, panga liko wazi ndani kama mwanzi, lina vitundu vidogo vidogo, na hewa isiyo na moto hupitishwa humo kulipoza. La tatu ndilo la mpwa wangu, nalo ni ngozi ya kauri.

"Sisi hatupaki, mjomba," aliniambia. "Tunavika."

Ngozi ya robo milimita

Ngozi hiyo ni ya zirkonia, oksaidi ya madini ya zirkoniamu. Ni jamaa wa kauri za vikombe vyetu, ila yenyewe hupitisha joto kwa shida kubwa. Unene wake mara nyingi ni robo ya milimita hivi, yaani karatasi mbili tatu za daftari. Lakini ukiwa na hewa inayopoza kwa ndani, karatasi hizo mbili tatu zinatosha kuukinga moto kiasi cha nyuzi 100 na zaidi usilifikie panga. Kwa mtu wa kawaida nyuzi 100 ni maji kuchemka. Kwa panga ni tofauti ya kuishi miaka na kufa kwa miezi.

Nikamuuliza, kwa nini basi usipake kauri moja kwa moja juu ya chuma? Akacheka, akaingia jikoni kwa mama yake, akatoka na bakuli la bati la marehemu bibi yake, lile jeupe lenye ukingo wa buluu. Kila nyumba ya watu wa Pwani ilikuwa nalo. Ukingoni lilikuwa limebanduka, na pale palipobanduka pana kutu.

"Unaona? Chuma kikipata moto kinatanuka sana. Kauri inatanuka kidogo. Wakivutana, anayeshindwa ni kauri."

Kwa hiyo kati ya chuma na kauri hutiwa tabaka la kushikiza, la nikeli au kobalti iliyochanganywa na kromiamu na alumini. Hapo nami mwalimu nikaamka. Alumini hiyo ikipata oksijeni hujijengea utando mwembamba sana wa oksaidi, na utando huo unaizuia oksijeni isiendelee kula chuma. Ndiyo sababu sufuria zenu za alumini haziliwi na kutu kama panga la shambani. Jambo nililolifundisha kwa sufuria miaka yote lilikuwa linafanya kazi ndani ya mitambo ya Barka, na mimi sikuwa na habari.

Lakini utando huo nao hauachi kukua. Kidogo kidogo unanenepa, na ukizidi, unaisukuma kauri mpaka inabanduka. Kwa hiyo ngozi hii ina umri wake. Fundi hawezi kuzuia kuzeeka. Anachoweza ni kujua lini imezeeka.

Zirkonia ina ila nyengine. Ikiwa tupu, inapopoa kupita nyuzi 1,170 hivi hubadilisha umbo lake la ndani na kuvimba, ikapasuka. Dawa yake ni kuichanganya na oksaidi ya itriamu. Katika miaka ya 1970 watafiti wa NASA huko Cleveland, Marekani, walijaribu vipimo mbalimbali wakaona kinachodumu zaidi ni sehemu 6 mpaka 8 katika 100 kwa uzito. Kipimo hicho ndicho kinachotumika zaidi mpaka leo, karibu miaka hamsini baadaye. Mama zetu wanajua: chumvi ikipungua pilau haliliki, ikizidi haliliki.

Kuivika kwenyewe ni kazi ya kuona. Unga wa kauri unapitishwa kwenye mwali wa plazma wenye joto la zaidi ya nyuzi 10,000, unayeyuka njiani, matone yanagonga chuma na kuganda bapa juu ya bapa. Katikati hubaki vishimo na nyufa ndogo sana. Nilidhani ni kasoro. Kumbe vinatakiwa: vishimo vinazuia joto, nyufa zinaipa ngozi nafasi ya kujinyoosha. Kwa mapanga ya injini za ndege hutumika mara nyingi njia nyengine, ya kuigeuza kauri mvuke kwa miali ya elektroni, nayo huganda imesimama kama nywele za brashi. Brashi ikivutwa haipasuki, nywele zinaachana tu kidogo.

Sisi tunahusika vipi

Mwenye kuishi Muscat hahitaji kuambiwa habari za joto. Juni 2018 huko Qurayyat usiku mzima joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6. Na tabaini ina tabia ambayo wengi hatuijui: hewa ikiwa ya moto inakuwa nyepesi, mashine inavuta kidogo, na nguvu yake inapungua. Mashine iliyopimwa kwenye nyuzi 15 inaweza kupoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zake ikifanya kazi kwenye nyuzi 45. Maana yake, saa ile ile ambayo kila nyumba imewasha AC zote, ndiyo saa ambayo mtambo umechoka. Hapo ndipo panga lisilokuwa na ngozi nzuri huonekana.

Iko pia hesabu ya gesi. Moto ukiwa mkali zaidi, gesi ile ile inatoa umeme zaidi. Mitambo mipya kabisa, inayotumia tena mvuke wa joto linalobaki, inageuza zaidi ya sehemu 60 katika 100 za nishati ya gesi kuwa umeme. Bila ngozi ya kauri na hewa ya kupoza, moto huo hauwezekani. Na gesi isiyochomwa bure ndiyo inayobaki ya kuuzwa nje kupitia Qalhat.

Na vumbi? Vumbi letu lina kalsiamu, magnesiamu, alumini na silika. Likiingia kwenye moto wa nyuzi 1,200 hivi na zaidi linayeyuka na kuwa kioo, linanywewa na ile kauri yenye vishimo, likipoa linaganda na kuipasua. Mitambo ya nchi kavu ina vichujio vikubwa vya hewa. Ndege haina. Wazee wenzangu mtakumbuka Juni 1982, ndege ya British Airways ilipopita kwenye majivu ya volkano ya Galunggung, Indonesia, na injini zote nne zikazimika. Majivu yalikuwa yameyeyuka ndani yake. Marubani walifanikiwa kuziwasha tena wakatua Jakarta salama. Vumbi la Ghuba halizimi injini namna hiyo, linakula ngozi polepole, ndiyo maana injini za ndege zinazoruka huku hutazamwa kwa jicho kali zaidi. Ukipanda ndege kwenda Unguja au Dar es Salaam, jua kuna mtu aliyeingiza kamera nyembamba ndani ya injini akatafuta palipobanduka.

Tulirudi tena

Nilimwomba mwenyeji wetu ruhusa ya kurudi, mimi na kaka yangu. Safari hii nilibeba lile bakuli la bati ndani ya mfuko. Kaka yangu aliona aibu njia nzima.

Nilieleza kama nilivyokuwa nikieleza darasani, nikamwonyesha palipobanduka. Baba wa binti alilishika bakuli, akaligeuza geuza, asiseme kitu. Halafu akauliza swali moja tu: "Na ikibanduka ndani ya mashine, anaijua?"

Nikamwambia ndiyo kazi yake. Mashine kubwa nyingi sehemu zake za moto hufunguliwa kila baada ya saa 24,000 hivi za kazi, karibu miaka mitatu. Mapanga hupelekwa karakana, ngozi kuukuu inatolewa, nyufa zinatafutwa, ngozi mpya inavikwa. Yeye ndiye anayesema hili linarudi kazini na hili halirudi. Akipitisha bovu, kipande kikikatika kinavunja na vyengine vyote vilivyo nyuma yake.

Mzee akanyamaza tena, kisha akatusimulia. Jumatatu ya tarehe 5 Septemba 2022, umeme ulipokatika Muscat na mikoa kadhaa, alikuwa nyumbani na mama yake, Mungu amrehemu, aliyekuwa akitumia mashine ya oksijeni. Alimtia mama ndani ya gari, akawasha AC, akaenda kutafuta hospitali yenye jenereta. Siku ile hitilafu ilikuwa kwenye mtandao wa kusafirisha umeme, si kwenye mapanga, nami nilimwambia hivyo kwa uaminifu. Akasema anajua. "Lakini toka siku ile," akasema, "siwadharau watu wa umeme."

Nasi wenye jamaa Zanzibar hatuhitaji mahubiri. Tunakumbuka mwisho wa 2009 mpaka Machi 2010, Unguja miezi mitatu kizani kwa hitilafu ya umeme unaotoka Bara. Dada yangu mwengine alikuwa akichota maji kisimani kama zama za bibi zetu.

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili. Wamekubali.

Nina neno moja kwa wazazi na walimu wenzangu. Watu wetu waliorudi Oman kutoka Afrika Mashariki baada ya 1970 walipata kazi kwa sababu ya elimu yao, na wengi tulikaa mezani. Tukawaambia watoto: someni, msije mkashika spana. Mimi mwenyewe nimelisema neno hilo mbele ya darasa, sina hakika mara ngapi. Wangapi walikuwa na mkono na jicho la kazi kama hii, nikawageuza? Mtoto akikwambia anataka kusoma uhandisi wa madini na kauri, usimuulize ataajiriwa na duka gani la vikombe. Muulize amefika wapi na kemia yake.

Harusi tumeiweka Juni. Watu wanashangaa, nani anaoa Muscat mwezi wa Juni? Lakini majira ya baridi, watu wakioana, ndiyo wakati mitambo inapofunguliwa, na bwana harusi hana ruhusa. Dada yangu analalamika kuhusu joto. Nimemwambia ukumbi una AC, na mwanawe ndiye mdhamini.